Fomu ya Wasio na Baba

Mwaka wa 1980 serikali iligundua kwamba wanawake nao wana vidole. Kwa miaka mingi ilikuwa imetosheka na vidole vya wanaume, ikivipaka wino na kuvifungia kabatini. Sasa amri ilitoka kwamba kila mwanamke mtu mzima achukue kitambulisho, na wanawake wa Kibera wakapanga foleni nje ya ofisi, mikono imenawishwa vizuri ili ikapakwe wino.

Kwa Wanubi wa Makina, mtaa wa hapo Kibera, kidole peke yake hakikutosha. Babu zao waliletwa Kibera wakiwa askari wa serikali ya wakati ule. Serikali iliwapa mahali pa kukaa, kisha ikasahau kwamba ndiyo iliyowaleta. Hakuna aliyeipeleka serikali hospitali kwa kusahau huko. Badala yake liliwekwa benchi ofisini, wakaketishwa wazee watatu wa kukumbuka kwa niaba yake. Mnubi akitaka kitambulisho, wazee hao waliambia ofisi ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, na babu yake alikuwa askari namba ngapi.

Mkuu wa benchi alikuwa Mzee Abdulrahman, mpishi mstaafu, mwenye miaka sitini na sita. Askari wote wa zamani walikuwa kichwani mwake wamejipanga kwa namba. Abdulrahman akiwepo, karani hakuwa na haja ya kufungua daftari.

Tatizo ni kwamba tangu mwezi wa tatu Mzee Abdulrahman alikuwa akimeza vidonge vidogo vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na vidonge hivyo vilikuwa vimeanza kumwibia.

Daktari alikuwa amemweleza vizuri. Kwenye tezi yake ya kiume, ile iliyomfanya aamke mara sita kwenda kukojoa, kulikuwa na kansa. Kansa hiyo ililishwa na homoni za kiume. Kwa hiyo angepewa homoni za kike ili kansa ikose chakula. Ikawa hivyo. Kansa ilibaki na njaa, na mwenye kansa akaanza kunawiri. Matiti yalimvimba mpaka akawa anavaa koti juu ya kanzu hata juani. Jasho lilimtoka ghafla, akavua kofia, akajipepea, kisha akatetemeka kwa baridi. Saadia, mke wake, alilitambua jasho lile. Lilikuwa lake mwenyewe la miaka kumi iliyopita, limehamia upande wa pili wa kitanda.

Hayo Mzee aliyavumilia. Lililomuuma ni kusahau. Ya zamani yote yalikuwepo. Angeweza kukutajia koplo aliyekufa kabla ya yeye kuzaliwa, na mke wa koplo huyo, na mbuzi wao. Lakini ya jana yalivuja, na siku hizi hata ya kila siku yalianza kufuata: jina la muuza maziwa, neno la kijiko, kama amekula au hajala.

"Kidonge nimemeza?" aliuliza kila asubuhi.

Saadia hakujua kuandika, lakini alijua kusuka. Alikuwa akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha ukindu wa rangi ambacho mama Mnubi humwandalia binti yake kwa siku ya harusi. Kila Mzee alipomeza kidonge, yeye aliingiza ukindu mmoja mwekundu. Siku aliyokataa kumeza, aliingiza mweusi.

"Angalia mwenyewe," alimjibu. "Nyekundu. Umemeza."

"Tabaga gani hii yenye mistari ya kulewa?"

"Ni yako. Wewe ndiye unayeichora."

Pale mtaani hayo yalijulikana na watu watatu tu: Mzee, Saadia, na binti yao Sitelbanat, aliyempeleka kliniki. Kwa majirani, Mzee alikuwa na baridi ya kifua, ndiyo maana ya koti.

*

Jumatano jioni Sitelbanat alirudi kutoka mjini akiwa na habari. Wakili mmoja aitwaye Ndeti alikuwa amempima kwa mashine ya taipu, akaridhika.

"Naanza Jumatatu, Baba. Amesema niende na kitambulisho, au hata ile karatasi ya kusubiri. Bila hiyo atampa msichana mwingine."

"Hivyo tu? Ijumaa ni siku yetu ya benchi. Utakuja, nitakuthibitisha, Jumatatu utakuwa kazini."

Saadia aliendelea kusuka bila kuinua macho. "Cheti chake cha shule hakitoshi?"

"Nilikipeleka," Sitelbanat alisema. "Karani ameniambia kinaonyesha kwamba nilisoma. Hakionyeshi kwamba nilizaliwa."

Mzee alicheka. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akamgeukia binti yake kwa upole.

"Na wewe, ile kazi ya mjini umepata?"

Mkono wa Saadia ulisimama katikati ya ukindu. Sitelbanat alimtazama mama yake, kisha akatabasamu.

"Nimepata, Baba. Naanza Jumatatu."

"Alhamdulillahi. Mbona hukuniambia?"

*

Alhamisi vidonge viliisha. Hospitali ya serikali ilikuwa imewapa vya wiki mbili na kuwashauri wajitafutie vingine. Kibera kulikuwa na maduka ya dawa, na katika kila duka kulikuwa na mtu aliyemjua Saadia. Kwa hiyo mume na mke walitembea kwa miguu mpaka Riruta Satellite, mahali ambapo hakuna aliyewajua isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa mgonjwa mwenzake Mzee.

Mzee alibaki nje. Saadia aliingia, akaweka karatasi ya daktari mbele ya msichana wa duka, Wangoi.

"Hizi tunauzia akina mama wa kukausha maziwa," Wangoi alisema, akitafuta kwenye rafu. "Mtoto ana miezi mingapi?"

Saadia alikuwa na miaka hamsini na tisa, na nywele zilizochungulia chini ya shela zilikuwa nyeupe. "Ni mkubwa," alisema.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa tu."

"Na bado ananyonya?"

"Nipe dawa, mama."

Wangoi alifungua daftari. "Jina la mgonjwa?"

"Saadia."

"Ndiwe?"

"Ndimi."

Msichana alimtazama kuanzia shela hadi viatu, akaandika, akafunga vidonge katika karatasi. "Hongera, mama," alisema kwa heshima zote.

Nje, juu ya kreti ya soda, alikuwa ameketi Mzee Kihara, mwenye ploti ya duka lile na nyingine kadhaa za Kawangware. Yeye na Abdulrahman walikutana kwenye benchi la kliniki, wote wawili wakiwa wamevaa makoti siku ya joto, na hapo hawakuhitaji kuulizana sana. Shingoni Kihara alikuwa amening'iniza daftari dogo kwa kamba.

"Umenikumbuka?"

"Sura ndiyo. Jina limekwenda."

"Hata langu huwa linakwenda. Naitwa Kihara. Gathoni, mke wangu, ameliandika hapa ukurasa wa kwanza." Aligonga daftari. "Kazi ni kukumbuka kwamba ninalo. Juzi nimelitafuta nyumba nzima."

"Na dawa inakutendaje?"

"Nimeuza ploti moja kwa watu wawili."

Abdulrahman alishika kifua. "Wakasema nini?"

"Kwetu Kawangware? Hakuna aliyejua ni ugonjwa. Wanasema Kihara amekuwa mjanja uzeeni. Kuna mmoja amekuja nimfundishe."

Wazee wawili walicheka mpaka jasho likawatoka, wakavua kofia na kujipepea pamoja kama akina mama kwenye matanga.

"Umewaambia watu wako?" Kihara aliuliza walipotulia.

"Hapana."

"Mimi nimewaambia wote, hadi mpangaji wa mwisho. Nimewaambia nina matiti. Walicheka wiki mbili. Wiki ya tatu padri akaonekana baa, wakaniacha. Sasa nikipotea, yeyote ananishika mkono ananirudisha nyumbani. Wewe ukificha, nani atakukumbusha?"

"Kwetu mimi ndiye mwenye kukumbusha watu."

Kihara alivaa kofia yake. "Basi pole," alisema.

*

Ijumaa, kabla ya chai, Saadia alimsomesha Mzee.

"Binti yako anaitwa nani?"

"Unanifundisha jina la mtoto niliyemzaa?"

"Nakufundisha."

"Sitelbanat."

"Alizaliwa lini?"

"Hamsini na saba. Hapa Makina, chumba cha nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, mkunga alikuja na gunia kichwani."

"Rudia tena."

Alirudia mara tatu bila kosa. Saadia aliridhika, akaingiza ukindu mwekundu, akamtia mumewe kadi ya kliniki katika mfuko wa ndani wa koti, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ilikuwa desturi yao. Akianguka njiani, angalau wangejua wa kumwita.

Ofisini foleni ilikuwa imefika kwenye mtaro. Karani aliitwa Khaemba, kijana mwenye adabu kiasi cha kumtosha mtu aliye na muhuri. Kwenye benchi, kulia kwa Abdulrahman, aliketi Mzee Nasir. Tangu ahamie mtaa wa Ayany, kwenye nyumba yenye choo ndani, Nasir alikuwa ameanza kuona kwamba ukuu wa benchi ungemfaa mtu wa nyumba kama ile. Wa tatu alikuwa mzee kiziwi, aliyekubali kila kitu kwa kichwa na kwa hiyo hakuwa na adui.

Asubuhi ilianza vizuri. Mwanamke wa kwanza hakuwa amemaliza kukaa, Abdulrahman akawa tayari amefika kwa babu yake.

"Koplo, namba mia nne na kumi na saba. Alikuwa na kidonda mguu wa kushoto. Alipewa shamba pale chini, karibu na mto. Alizaa wanne, huyu ni wa binti wa tatu."

Khaemba aliandika kwa mbio. Akaja wa pili, wa tatu, wa saba. Foleni ilinong'ona kwa kustaajabu. Hata Nasir alikubali kwa kichwa, ingawa polepole kuliko yule kiziwi.

Wa nane alikuwa Sitelbanat. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya kazini, ameipiga pasi mara mbili.

"Huyu ni nani wako, Mzee?" Khaemba aliuliza.

"Binti yangu."

"Jina lake?"

Mzee alifungua mdomo. Aliiona mvua. Alimwona mkunga na gunia lake, aliona taa ya chemni, alisikia hata mlango wa chumba cha nyuma ukigoma kufunguka. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Jina ndilo halikuwepo.

"Mzee, hilo ni swali la kwanza," Khaemba alisema kwa upole. "Ndilo rahisi."

Kwenye foleni mtu alicheka, wengine wakamsaidia. Jasho lilianza kumtoka Mzee chini ya kofia.

"Naitwa..." Sitelbanat alianza.

"Wewe usijibu. Wewe ndiye unayethibitishwa. Utajithibitishaje mwenyewe?"

Nasir alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesubiri zamu. "Mzee mwenzetu amechoka," alisema, akihakikisha foleni inasikia. "Mimi nimeona siku nyingi, nimenyamaza kwa heshima. Juzi amenisalimia mara tatu njia moja."

"Basi mzee Nasir, wewe unamjua huyu msichana?"

"Namjua kwa sura. Lakini sheria inasema baba akiwa hai, baba ndiye anayesema. Au si hivyo?"

"Ndivyo."

"Na baba ndiye huyo."

Khaemba alikuna kichwa kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na foleni ilikuwa ndefu. Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi ya rangi ya waridi.

"Kuna fomu nyingine," alimwambia Sitelbanat. "Ni ya wasio na baba. Hiyo haihitaji mzazi, wazee wawili tu wanatosha. Nikiijaza, mahali pa baba naandika 'hajulikani', unapata karatasi yako leo."

"Baba yangu ameketi hapo."

"Ameketi, dada. Lakini kwa ofisi bado hajafika."

Sitelbanat alimtazama baba yake. Aliona mkono umekamata koti kifuani, sehemu ileile aliyokuwa akiificha kila siku. Alijua mfukoni mwake mna kadi, na alijua kadi ile inasema nini. Jina lake lilikuwa kwenye kadi hiyo. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, aliouweka siku ya kwanza kliniki. Angeweza kuiomba. Badala yake alinyoosha mkono kuelekea ile karatasi ya waridi.

"Nijazie hiyo," alisema taratibu.

"Una hakika?"

"Jaza tu. Nina kazi Jumatatu."

Khaemba alichovya kalamu, akaanza na tarehe.

"Ngoja," Mzee alisema.

Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, vidole vikiteleza kwa jasho. Koti lilipofunguka, kanzu iliyolowa ilikuwa imemganda mwilini, na mambo yote aliyoyaficha tangu mwezi wa tatu yakaonekana bila maelezo. Mwanamke wa mbele kwenye foleni aligeuza uso. Yule wa nyuma yake hakugeuza. Mzee alitoa kadi kwenye nailoni, akaiweka mezani.

"Baba, rudisha," Sitelbanat alisema.

"Hii ni karatasi ya serikali," Mzee alimwambia karani. "Ina muhuri. Mimi nimesahau, yenyewe haijasahau. Soma."

Khaemba alifurahi kuona muhuri. Hakuna kitu kilichomtuliza kama muhuri wa ofisi nyingine. Akasoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu, akitafsiri palepale kwa faida ya benchi.

"Abdulrahman, miaka sitini na sita. Ugonjwa, kansa ya tezi ya kiume. Dawa, homoni za kike, vidonge viwili kwa siku. Maoni ya daktari, matiti yamevimba, jasho, kumbukumbu inapungua, aelezwe mgonjwa na jamaa..." Hapo alisikia anachosoma, na sauti ikaanza kushuka, lakini alikuwa amekwisha fika mbali. "Jamaa wa karibu: binti. Sitelbanat Abdulrahman, Makina, Kibera."

Hakuna aliyecheka. Yule kiziwi, ambaye hakuwa amesikia lolote, alikubali kwa kichwa.

"Mzee," Khaemba alisema, "ungesema mapema kwamba una karatasi."

"Soma tena pale mwisho."

"Pale pa daktari?"

"Pale pa jina."

"Sitelbanat Abdulrahman."

"Ndiye huyo," Mzee alisema. "Nilikuwa namtafuta."

Khaemba aliirudisha fomu ya waridi kwenye mtoto wa meza. Alitandaza wino, akashika mikono ya Sitelbanat, akavipaka vidole vyake vyote kumi na kuviviringisha kwenye karatasi, kimoja baada ya kingine. Sitelbanat alikuwa akilia, na kwa kuwa vidole vilikuwa vyeusi hakuweza kujifuta. Baba yake alisimama, akamfuta kwa upindo wa koti.

*

Kibera nzima ilijua kabla ya swala ya Ijumaa. Walicheka, si wiki mbili kama Kawangware, bali tatu, kwa sababu Makina padri hayupo. Watoto wawili walimwita Mzee "mama" kutoka nyuma ya ukuta, wakachapwa na mama zao, ambao walikuwa wamecheka neno hilohilo jikoni. Ofisi ilimwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumpumzisha. Jina lake kwenye barua lilikosewa.

Nasir akawa mkuu wa benchi. Jumatano iliyofuata alikuja nyumbani magharibi, akakataa chai, akazungumza habari za bei ya sukari. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Huo ugonjwa wako," alimwambia Abdulrahman. "Ulianzaje?"

"Unaamka mara ngapi kwenda kukojoa?"

"Mara tano."

"Na choo kiko ndani?"

"Kiko ndani."

"Basi nenda kliniki, ndugu yangu. Jumanne. Nitakuonyesha benchi." Alifikiri kidogo. "Nikisahau, mwulize Saadia."

Sitelbanat alianza kazi Jumatatu kwa ile karatasi ya kusubiri. Ndeti aliitazama mbele na nyuma, akasema sawa, akamrudishia. Kila jioni, akitoka mjini, Sitelbanat aliikunja mara moja na kuiweka juu ya sahani ya baba yake, kisha akaifunika kwa tabaga ileile isiyokwisha, yenye mistari myekundu. Mzee aliinua tabaga, akakuta jina kabla ya wali. Alilisoma kwa sauti, akamtazama msichana aliyeketi mbele yake.

"Sitelbanat Abdulrahman," alisema. "Huyu namjua. Anafanya kazi mjini."

Ukindu mwekundu uliishia katikati ya mwaka uliofuata, pamoja na Mzee. Saadia hakuendelea kuisuka tabaga ile. Aliikaza ukingo palepale ilipofikia, ndogo kuliko ilivyotakiwa, akampa binti yake hivyohivyo.

Kitambulisho chenyewe kilikuja baada ya miezi kumi na sita. Khaemba alikiweka mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe ile karatasi ya kusubiri. Sheria ni kurudisha moja upewe nyingine."

"Imepotea," Sitelbanat alisema.

"Basi nenda polisi ukaandikishe kwamba imepotea."

Alikwenda. Aliandikisha kwamba imepotea, akaulizwa ilipotelea wapi, akasema hakumbuki. Karatasi ilikuwa nyumbani chini ya tabaga, imekunjwa mara moja, na pembeni mwa jina lake palikuwa na alama ya mafuta ya kidole cha baba yake ambayo hakuna ofisi iliyoichukua.